Barua ya chuo haimdhamini mtu: namna ninavyompekua mwanafunzi kabla hajaenda fildi

Kila mwaka Julai ikikaribia, barua huanza kumiminika. Nyingine huletwa kwa mkono, zimekunjwa ndani ya bahasha za kaki. Nyingine hupigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp. Zote zinafanana: nembo ya chuo juu, muhuri chini, na katikati ombi kwamba mwanafunzi fulani wa mwaka wa pili apokelewe kwa mafunzo kwa vitendo, yaani fildi, ya wiki 8. Ukanda wetu una vyuo vingi, kuanzia Mwenge, Ushirika na KCMC hapa Moshi hadi Makumira na Tengeru upande wa Arusha, na wanafunzi wa ualimu, uuguzi, udaktari na ustawi wa jamii wote wanahitaji mahali pa kujifunzia. Mahali hapo mara nyingi ni bweni, wodi ya watoto, darasa la watoto viziwi au sebule ya mzee asiyeweza kuinuka kitandani.

Mimi ni mtaalamu wa ustawi wa jamii. Kwa miaka 12 nimekuwa nikiyasaidia makao ya watoto, shule na vituo vya watu wenye ulemavu kuamua nani aingie na nani asiingie. Maofisini kazi hii huitwa upekuzi, neno linalowatisha wengi, kwa hiyo nieleze ninachokifanya hasa.

Barua ya chuo inathibitisha jambo moja tu: huyu ni mwanafunzi wetu. Mratibu wa fildi aliyeisaini ana mamia ya majina kwenye orodha yake, na wengi wao hajawahi kukaa nao hata nusu saa. Hajasema kwamba kijana huyu ni salama kulala chumba cha pili kutoka kwa mabinti wa miaka tisa. Sisi wapokeaji ndio tunaoisoma barua hiyo kana kwamba amesema.

Naanza na jina. Waliojifunza umuhimu wa jina kwa uchungu mkubwa ni Waingereza. Agosti 2002, katika mji mdogo wa Soham, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na Ian Huntley, mtunza majengo wa shule ya sekondari ya pale. Miaka ya 1990, alipokuwa akiishi eneo la Humberside, polisi walikuwa wamepokea tuhuma kadhaa za makosa ya kingono dhidi yake. Hakuna iliyoishia kwa hukumu, na kumbukumbu zake hazikutunzwa ipasavyo. Alipoomba kazi ya shule, upekuzi ulifanyika kwa jina lake jingine, Nixon, na jina la Huntley halikutafutwa. Uchunguzi ulioongozwa na Sir Michael Bichard ulitoa ripoti mwaka 2004, ukazaa sheria ya mwaka 2006 ya kulinda makundi yaliyo hatarini, na tarehe 1 Desemba 2012 ikaanza kazi taasisi inayojulikana kama DBS, ambayo leo hutoa vyeti vya upekuzi kule Uingereza na Wales.

Na kwetu jina ni mto wenye mikono mingi. Yuko aliyerudia darasa la saba kwa jina la mtoto wa jirani, akafaulu, akabaki nalo hadi chuo kikuu. Yuko ambaye cheti cha kidato cha nne kina jina moja, kitambulisho cha NIDA kina jingine, na cheti cha ubatizo la tatu. Wengi wao hawana hila yoyote, ni historia ya familia tu. Lakini ukimtafuta mtu kwa jina moja, utapata maisha yake nusu. Kwa hiyo kwenye fomu yangu swali la kwanza ni: andika majina yote uliyowahi kutumia, pamoja na lile unaloitwa mtaani. Kisha naweka NIDA, cheti cha shule na kitambulisho cha chuo mezani, kimoja kando ya kingine. Kama majina yanapishana, naomba kiapo cha jina au maelezo ninayoweza kuyahakiki.

Halafu inakuja hati ya tabia njema ya polisi. Wengi huifahamu kwa sababu ya viza au kazi za nje. Inatokana na alama za vidole na kumbukumbu za jeshi la polisi, na ni nyaraka nzuri. Ninaitaka kwa kila mwanafunzi atakayelala kituoni au atakayekuwa na watoto peke yao. Lakini lazima tujue inasema nini. Inasema kwamba kwenye kumbukumbu zile hakuna kitu. Ili kitu kiingie mle, mtoto lazima awe amesema, mzazi awe ameamini, shauri liwe limefika kituoni, na lisiwe limefutwa njiani kwa mbuzi wawili na kikao cha ukoo.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kati ya wasichana hao, takriban nusu hawakuwahi kumwambia mtu yeyote. Ziweke takwimu hizo pembeni ya desturi yetu ya kuyamaliza nyumbani, ndipo utaona kwa nini hati safi hainipi usingizi. Sheria iko, na ni kali: tangu mwaka 1998 kosa la ubakaji linabeba kifungo kisichopungua miaka 30. Ukali huo huo ndio watu wengi husingizia wanapokaa kikao badala ya kwenda polisi. “Tutamfunga mtoto wa watu maisha yake yote.”

Kwa hiyo historia ya mtu, kwetu, imo zaidi vinywani mwa watu kuliko kwenye mafaili. Hapa ndipo natumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na chombo changu ni simu.

Miaka michache iliyopita aliletwa kwetu mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Kijana mpole, anasalimia kila mtu hadi mpishi, na hati ya polisi aliileta bila kuombwa. Safi kabisa. Kwenye wasifu wake aliandika kwamba mwaka uliopita alifanya fildi kwenye kituo kimoja cha watoto, akamtaja mdhamini na namba yake. Namba ya mdhamini iliyoandikwa kwenye wasifu sipigi peke yake. Nimeshawahi kupokelewa na binamu. Niliitafuta namba ya kituo chenyewe, nikampata matroni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

Alimsifu sana. Anawahi, anajua kucheza na watoto, hana dharau. Nikauliza swali ambalo siku hizi siachi kuliuliza: “Mama, ungempokea tena mwezi ujao, alale hapo hapo?”

Kimya. Nikawa nasikia watoto wakicheza nyuma yake.

“Mbona unaniuliza hivyo?”

“Kwa sababu anataka kuja kwetu, na kwetu kuna mabinti wadogo.”

Kimya tena, kirefu zaidi. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto mmoja wa darasa la nne alisema kitu. Wazazi wakaitwa, wakakaa, kijana akalia na kuomba msamaha, wakayamaliza. “Sikutaka kumharibia maisha, mwanangu. Na nyie sikujua kama mtakuja kuuliza.”

Sentensi hiyo ya mwisho naikumbuka kuliko yote. Mama yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebeba jambo zito mwaka mzima na hakuna aliyempigia. Nilimweleza kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za haki ya mtoto kuvunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa wake, na kwamba mimi sasa ninazo, siwezi kuzikalia. Tulikwenda pamoja kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na yeye mwenyewe akaandikisha maelezo. Yaliyofuata ni ya vyombo husika na ya mtoto yule, si ya kuandika hapa.

Ukiwa wewe ndiye unayepiga, uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa sifa. “Ana tabia gani?” huleta “nzuri”. “Ungempokea tena?” na “kuna mtoto aliyekuwa akimkwepa?” humlazimisha mtu akumbuke. Usijaze kimya kwa maneno yako. Na piga mwenyewe. Barua ya mdhamini haina pumzi wala kigugumizi.

Wageni ni habari nyingine, hasa Arusha, ambako wanafunzi wa Ulaya na Marekani hufika kila msimu kujitolea kwenye shule na makao ya watoto. Hapa kosa letu ni kinyume: karatasi ya kigeni yenye nembo nzuri hufungua milango yote. Kibali cha ukaazi daraja C kinamruhusu mtu kukaa nchini akijitolea au kusoma. Hakisemi lolote kuhusu watoto. Kuhusu vyeti vya upekuzi, vya Uingereza viko vya ngazi tofauti. Cha msingi huonyesha tu hukumu ambazo bado hazijapitwa na muda wake kisheria, na mtu anaweza kujiombea mwenyewe. Cha ngazi ya juu, kinachoweza kugusa hata taarifa za polisi wa eneo lake na orodha ya waliozuiwa kufanya kazi na watoto, mtu hajiombei. Huombwa kupitia mwajiri au taasisi. Kwa Mwingereza anayekuja kufanya kazi huku, ninachoomba ni kile kiitwacho ICPC, yaani cheti cha kimataifa cha ulinzi wa mtoto, kilichotengenezwa mahususi kwa wanaokwenda kufanya kazi na watoto nje ya nchi yao. Kwa Mjerumani naomba erweitertes Führungszeugnis, yaani cheti kilichopanuliwa, walichoanza nacho mwaka 2010. Kile cha kawaida huacha adhabu ndogo, na kilichopanuliwa huonyesha makosa ya kingono hata kama adhabu ilikuwa ndogo. Na kama mwanafunzi alikaa mwaka mzima nchi nyingine kabla ya kuja kwetu, cheti cha kwao kinaweza kisijue lolote kuhusu mwaka huo. Tunapiga simu huko nako.

Sijasahau wazee na watu wenye ulemavu. Kwao naangalia vitu vingine. Mwanafunzi anayekwenda kumhudumia bibi huko Kibosho anaingia kwenye nyumba ambayo ndani ya sanduku kuna karatasi za kihamba, yaani shamba la ukoo, na bibi haoni vizuri. Hapo kosa la wizi au kughushi lina uzito kuliko ugomvi wa baa, na kanuni ni moja: hakuna mwanafunzi anayeshika simu ya pesa ya mzee wala kumsaidia kuweka dole gumba popote bila mtu wa pili. Kwa watoto viziwi, msimamizi ajue lugha ya alama, kwa sababu mtoto asiyeeleweka na yeyote isipokuwa mwanafunzi mmoja yuko mikononi mwa mwanafunzi huyo.

Sasa upande wa wanafunzi wenyewe, maana huniandikia kwa hofu. Mmoja aliwahi kuhukumiwa kulipa faini kwa kuendesha bodaboda bila leseni akiwa na miaka 19, akilipia ada yake. Aliniuliza kama ndoto ya ualimu imekwisha. Hapana, mdogo wangu. Ninachopima ni uhusiano wa kosa na kazi, muda uliopita, na kama ulinieleza mwenyewe kabla sijaliona. Faini ya bodaboda haina uhusiano wowote na darasa la kwanza. Kosa dhidi ya mtoto halina muda wa kupitwa kwangu.

Na una haki juu ya karatasi zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu makosa kwenye kundi la taarifa nyeti. Kituo kinachoomba hati yako kikueleze ni kwa ajili gani, nani ataisoma na itakaa wapi. Haipaswi kupigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, na nimeona ikifanyika. Kwetu inasomwa na watu wawili, kisha inaingia kwenye bahasha yenye namba badala ya jina, kwenye kabati lenye kufuli. Mwishoni mwa Septemba, fildi ikiisha, mwanafunzi anakuja na kitabu chake kusainiwa, anaweka saini kwenye daftari letu, na anaondoka na bahasha yake mkononi.