Hatari ya Bikini haiko kwenye samaki

Ukitaja kisiwa cha Bikini, huko Visiwa vya Marshall, wengi hukwambia samaki wake hawaliki, bahari nzima ina mionzi. Kweli, Marekani ilifanya majaribio 23 ya nyuklia pale kati ya 1946 na 1958. Lakini vyakula vilipopimwa, ilionekana kwamba mionzi mingi iingiayo mwilini hutoka kwenye vyakula vya nchi kavu: nazi, shelisheli, matunda ya mkadi, hata yule kaa mkubwa apandaye minazi.

Mhusika mkuu ni seziamu-137, elementi yenye mionzi iliyoachwa na majaribio hayo, ambayo mmea huipokea kama potasiamu, madini unayoyahitaji ili kukua. Udongo wa matumbawe una potasiamu kidogo mno, basi mnazi wenye njaa hunyonya seziamu bila kuchagua. Baharini potasiamu ni tele, na samaki hubeba seziamu kidogo.

Wapimaji hukausha nyama ya nazi, huisaga, kisha huiweka kwenye kigunduzi cha miale ya gama. Hiyo ndiyo kazi rahisi. Ngumu ni kujua mtu anakula nazi ngapi kwa siku: meli ya mchele ikichelewa, madafu huongezeka na hesabu yote hubadilika. Kwa hiyo mtu mwenyewe naye hukalishwa mbele ya kigunduzi. Vipimo vya aina hiyo vilionyesha seziamu ikipanda miilini mwa wakazi waliokuwa wamerudi Bikini, wakahamishwa tena 1978.

Kupika hakuui mionzi. Mbolea ya potasiamu ikimwagwa shinani mwa mnazi, ndipo seziamu kwenye nazi hushuka sana.