Kufuta kosa si kufungisha ndoa

Kwenye vijiwe vya kahawa Kariakoo hoja ni ile ile: nchi ikifuta kosa la mapenzi ya jinsia moja, kesho yake watu wanafunga ndoa bomani. Si kweli. Hizo ni sheria mbili tofauti.

Hapa kwetu adhabu, miaka 30 hadi kifungo cha maisha, iko kwenye kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, sheria tuliyorithi kwa Mwingereza (hilo huwa halitajwi kijiweni). Ndoa iko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, inayosema wazi kuwa ni muungano wa mwanamume na mwanamke. Ukigusa ya kwanza, ya pili haitikisiki. India kosa lilifutwa 2018. Mwaka 2023 Mahakama yao ya Juu ikakataa kuzitambua ndoa hizo. Kubaka na kulawiti watoto kunabaki kosa kama kawaida.

Kinachobadilika ni kingine. Leo mtu wa Temeke akiambiwa "toa laki tano au nakuchoma polisi," analipa na kunyamaza, maana akienda kituoni kulalamika anajishtaki mwenyewe. Botswana, tangu Mahakama ya Rufani ithibitishe mwaka 2021 hukumu iliyofuta kosa hilo, tishio la namna hiyo halina meno.