Mpira Mweupe Hauvutwi: Dhana Potofu Kuhusu Kuurudisha Nyuma Kwenye Pool

Jumamosi iliyopita, kwenye kibaraza cha Majengo hapa Moshi ambako mimi hufundisha mchezo wa pool nyakati za jioni, kijana mmoja aliniamkia kwa adabu, akatumbukiza sarafu, kisha akaniomba nimtazame anavyourudisha mpira mweupe, yaani anavyoufanya urudi nyuma baada ya kuugonga mpira mwingine. Alipiga mara sita. Mara zote sita aliisukuma fimbo mbele na kuipokonya papo hapo kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, na mara zote sita mpira ama ulisimama ama ulisogea mbele kiasi cha shibiri moja. Nilipomuuliza ni nani aliyemfundisha hivyo, alinijibu, "Kila mtu anajua, mwalimu. Mpira wa kurudi lazima uuvute." Alikuwa mwanafunzi wa nne mwezi huu kunieleza jambo hilo kwa maneno yaleyale, na subira yangu iliishia hapo.

Dhana ya kwamba fimbo inapaswa kuvutwa nyuma haraka baada ya kuugusa mpira ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu haimnyimi mchezaji faida tu, bali humharibia hata kile kidogo alichokuwa nacho. Ngozi ya ncha ya fimbo hukaa kwenye mpira kwa muda wa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mkono wa binadamu unahitaji kama sehemu mbili za kumi za sekunde kuitikia jambo lolote, yaani muda mrefu mara mia mbili zaidi. Kwa hiyo, wakati ambapo mchezaji anahisi kwamba amegusa na sasa anavuta, mpira umeshaondoka zamani na umeshabeba mzunguko wake wote, uwe mwingi au mchache. Hakuna kitu ambacho fimbo inaweza kuufanyia mpira ambao haupo tena mbele yake.

Kama ingekuwa ni bidii isiyo na madhara, ningenyamaza. Tatizo ni kwamba ili fimbo iwe inarudi nyuma mara tu baada ya mguso, mkono hulazimika kuanza kufunga breki kabla ya mguso wenyewe. Nina mazoea ya kuwarekodi wanafunzi wangu kwa simu inayopiga picha 240 kwa sekunde, na ingawa hata kwa kasi hiyo mguso hauonekani katika picha zaidi ya moja, breki huonekana waziwazi: fimbo inakuja kwa mwendo mzuri, inapokaribia mpira inapungua, bega linakakamaa, na ncha inainuka kidogo. Kule kuinuka ndiko kunakoua. Mchezaji aliyekusudia kugonga sentimita moja chini ya kitovu cha mpira anajikuta amegonga katikati kabisa, kwa kasi ndogo kuliko aliyoipanga, halafu anailaumu meza.

Ukweli ni kwamba mambo mawili tu huamua mpira utaondoka na mzunguko wa kinyume kiasi gani: umbali kati ya kitovu cha mpira na mahali ncha ilipogusa, na kasi ya fimbo katika mguso huo. Uwiano kati ya mzunguko na mwendo wa mpira hutegemea jambo la kwanza peke yake. Mpira wa kawaida wa pool una kipenyo cha milimita 57, na ukiugonga milimita 11 hivi chini ya kitovu, utaondoka ukizunguka kinyume kwa kasi ileile ambayo ungezunguka nayo mbele kama ungekuwa unabingirika kwa kawaida. Ukishuka hadi milimita 14, ambayo ni nusu ya nusukipenyo, umefika mpakani. Chini ya hapo ncha huteleza, mpira huruka, na mwenye meza hukutazama kwa jicho baya akikihofia kitambaa chake.

Kwa nini basi dhana hii haifi? Nadhani lugha yetu wenyewe ina mchango, kwa kuwa wanafunzi wangu wengi huuita pigo hili "kuvuta," na mtu akisikia kuvuta anatafuta cha kuvuta. Sababu nyingine ni halali zaidi. Mpira unaolengwa ukiwa karibu sana na mweupe, tuseme vidole vitatu, mchezaji hodari huiondoa fimbo haraka kwa kweli, lakini anafanya hivyo ili mpira unaorudi usije ukaigonga ncha mara ya pili na kuwa faulo. Watazamaji huona mkono ukirudi, huona mpira ukirudi, na huunganisha mambo mawili ambayo hayana undugu wowote.

Ninachowaagiza ni kinyume kabisa cha walichozoea: fimbo ipite. Iendelee mbele sentimita 10 hadi 15 kupita pale mpira ulipokuwa, ikiwa imelala, na isimame yenyewe, kisha mchezaji abaki ameinama akiitazama ncha yake ilipoishia. Kupita huko hakuongezi mzunguko hata chembe, kwani kama nilivyosema mpira umekwisha ondoka, lakini ni ushahidi kwamba hukufunga breki mapema. Ncha ikiishia karibu na kitambaa, pigo lilikuwa safi. Ikiishia hewani, ulijua mwenyewe kabla hata mpira haujasimama.

Kwa wale wasioniamini, na huwa ni wengi, nina jaribio ambalo silibadilishi kwa lolote. Weka mpira wenye mstari mahali pa ule mweupe, mstari ukiwa umelala sambamba na meza, paka chaki ncha ya fimbo, lenga juu kidogo tu ya ukingo wa chini wa mstari, kisha piga na uukamate mpira uusome. Alama ya chaki itakuonyesha mahali ulipogusa, na mara nyingi haitakuwa pale ulipoapa kwamba umegusa. Ukingo huo wa chini, kwa bahati nzuri, uko karibu sana na ule mpaka wa nusu ya nusukipenyo, kwa hiyo mpira wenye mstari ni rula ambayo kila meza inayo bila malipo. Yule kijana wa Jumamosi alipiga mara tano, na alama zote tano zilikuwa katikati ya mstari. Pigo la sita aliiacha fimbo ipite, alama ikashuka, na mpira ulipougonga mwingine ukarudi futi mbili. Hakusema neno, aliutazama mpira ule kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama mimi.

Dhana ya pili, kwamba siri ni kupiga kwa nguvu, ina nusu ya ukweli ndani yake, na nusu hiyo ndiyo inayoifanya iwe na hatari. Mpira ulioondoka na mzunguko wa kinyume haubingiriki. Unateleza juu ya kitambaa, na msuguano unaula mzunguko huo kila sentimita. Ukifika kwenye mpira unaolengwa ukiwa bado na mzunguko, utasimama kisha utarudi. Ukifika mzunguko umekwisha, utasimama tu, na ukichelewa zaidi utakuwa umeanza kubingirika mbele na utaufuata mpira wa pili hadi mfukoni. Tukichukua msuguano wa kawaida wa kitambaa, ambao ni kama 0.2, na pigo la milimita 11 chini ya kitovu, mpira unaokwenda mita 1 kwa sekunde humaliza mzunguko wake baada ya sentimita 16 hivi. Ukienda mita 2 kwa sekunde hufika sentimita 65. Ukienda mita 3 hukaribia mita moja na nusu. Kasi ikiongezeka maradufu, umbali huongezeka mara nne. Kwa hiyo ndiyo, mpira wa mbali unahitaji kasi.

Lakini kasi si nguvu za bega. Mtu anayekaza meno na kupiga kama anapasua kuni huinua ncha bila kujua, na kasi yote aliyoitafuta inaishia katikati ya mpira, ambako haina mzunguko wa kuzaa. Mimi humfundisha mwanafunzi kuurudisha mpira kutoka umbali wa futi moja kwa pigo jepesi hadi afanikiwe mara kumi mfululizo, ndipo ninapomruhusu kusogeza mpira wa pili mbali zaidi. Wengi hukasirika kwa zoezi hilo, kwa sababu wanataka kuvuka meza nzima siku ya kwanza, mbele ya wenzao. Niongeze kwamba wakati wa masika, kitambaa kinapokuwa na unyevu kutokana na meza kuwekwa kwenye kibaraza kilichoezekwa mabati na kuachwa wazi upande mmoja, msuguano huwa mkali na mzunguko huisha mapema zaidi. Mchezaji aliyezoea kitambaa kikavu cha Januari asishangae Aprili.

Kuinua kitako cha fimbo ili "kuingia chini ya mpira" ni kosa ambalo nitalimaliza upesi. Fimbo iliyoinuliwa huubana mpira dhidi ya meza, mpira hurukaruka, na ukiwa umegusa pembeni hata kwa unywele, njia yake hupinda kabla haujafika. Kinachotakiwa kushuka ni mkono wa mbele unaoiegemeza fimbo: tandaza vidole, laza kiganja, na fimbo itakuwa chini huku ikiwa imelala. Kitako kiinuke kiasi tu cha kuupisha ukingo wa meza. Na mkono wa nyuma uishike fimbo kama unavyomshika kifaranga, kwa sababu kiganja kinachobana ghafla wakati wa pigo hukiyumbisha kitako na kuihamisha ncha.

Kuhusu chaki nimesikia mengi, kubwa likiwa kwamba chaki ndiyo inayozungusha mpira. Chaki haizungushi kitu; kazi yake ni kuizuia ncha isiteleze, ili uweze kugonga chini bila kukwaruza. Ndiyo maana sielewi mtu anayepaka mara moja mwanzoni mwa gemu na kuendelea hadi mwisho, ilhali ni lazima ipakwe kabla ya kila pigo la kurudisha, kwa kupitisha juu ya ngozi yote badala ya kukoroga shimo katikati ya kipande. Lililonistaajabisha zaidi ni kuona, katika sehemu moja ya Arusha ambayo sitaitaja, vipande vya chaki ya shuleni vimewekwa kando ya meza. Chaki ya pool si chaki ya ubaoni hata kidogo. Ile iliyoleta mabadiliko ilisajiliwa Marekani mwaka 1897 na William A. Spinks pamoja na mkemia William Hoskins, na ilitengenezwa kwa silika na oksidi ya alumini, vitu vikali vinavyokwaruza na kushika. Ya ubaoni ni laini, huacha unga juu ya ngozi, na unga huo unaiongezea ncha utelezi ule ule uliotaka kuuzuia. Ncha yenyewe nayo iwe ya mviringo na isiwe imeng'aa kama kiatu cha harusi. Msasa mdogo utaisaidia fimbo yako kuliko kununua fimbo mpya ya bei mbaya.

Wapo pia wanaoamini kwamba mpira uliopigwa vizuri utarudi palepale ulipotoka. Utarudi hivyo pale tu utakapougonga mpira wa pili uso kwa uso. Ukiugonga kwa pembe, mweupe kwanza huondoka upande, karibu nyuzi 90 kutoka njia ya mpira uliogongwa, halafu mzunguko huanza kuukunja kurudi, na kadiri ulivyopiga kwa kasi ndivyo mkunjo unavyochelewa. Nusu ya mipira mieupe ninayoiona ikizama mfukoni hapa Moshi huzama kwa sababu mchezaji alitazamia mstari mnyoofu.

La mwisho ni lile la kudhani kwamba anayeurudisha mpira kwenye meza moja atafanya vivyo hivyo kwenye meza nyingine. Mpira mweupe wenye uzito sawa na mingine hutoa karibu mwendo wake wote kwenye mgongano wa uso kwa uso na kubaki na mzunguko wake. Lakini meza za sarafu zinahitaji kuutambua mweupe ili ziurudishe unapozama, na baadhi hufanya hivyo kwa kutumia mpira wenye ukubwa tofauti. Kwenye seti za Kiingereza, mipira ya rangi ina milimita 51 na mweupe chini kidogo ya 48. Mwepesi huo hurudi kwa urahisi mno hata kwa mtu asiye na ufundi, na humpa sifa asizostahili. Kwenye meza nyingine mweupe ni mzito kuliko wenzake, nao huendelea kusonga mbele baada ya mgongano hadi mzunguko uushinde, kwa hiyo hata pigo zuri hurudi nusu ya ulivyotazamia. Kabla ya kuvunja, yaani kupiga pigo la kwanza la gemu, uweke mweupe kando ya mmoja wa rangi, inama hadi jicho liwe usawa wa kitambaa na uvilinganishe vilele vyake, kisha upime uzito wa kila mmoja kiganjani.