Pasi ya mwanafunzi Uganda ni bure kwa raia wa Afrika Mashariki, ila si hiari

Kila Agosti, mabasi ya usiku yanapoanza kushusha wanafunzi wapya Kampala, mezani kwangu, katika ofisi ya chuo inayohudumia wanafunzi wa kigeni, huletwa swali lile lile kwa lafudhi za Mwanza, Mombasa, Bukavu na Bujumbura: "Mpakani nimegongewa muhuri, na barua ya chuo ninayo. Nini tena?"

Bado pasi ya mwanafunzi. Muhuri wa mpaka wa Mutukula au Busia unakutambua kama mgeni tu, sawa na aliyekuja kumwona shangazi yake Entebbe. Raia wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa hadi miezi sita kwa hadhi hiyo. Barua ya udahili nayo ni neno la chuo, kwamba nafasi yako ipo. Ruhusa ya kukaa nchini kwa ajili ya masomo hutoka serikalini, kwenye Kurugenzi ya Uraia na Uhamiaji iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani.

Kwa raia wa Jumuiya pasi hii haina ada. Msingi wake ni Itifaki ya Soko la Pamoja, mkataba wa nchi za Jumuiya ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, pamoja na kanuni zake za watu kuvuka mipaka kwa uhuru. Na hapo hapo kwenye "bure" ndipo wengi wanapoteleza. Wapo wanaosikia bure wakaelewa kwamba haina haja. Wengine hawaamini kabisa kwamba kuna kitu cha serikali kisicho na malipo, basi wanamtafuta mtu wa kumlipa.

Kijana mmoja wa Kagera aliniletea bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Alikuwa mwaka wa pili. Ndani mlikuwa na pasipoti yenye muhuri mmoja tu wa kuingia, wa zaidi ya mwaka uliopita, na karatasi aliyoilaminisha vizuri, yenye nembo na sahihi ya wino wa bluu. "Kibali changu hiki," akasema. Alikuwa ameuziwa na mtu aliyekutana naye hosteli, kwa fedha ambayo baba yake aliipata kwa kuuza kahawa. Jina la chuo chetu lilikosewa herufi mbili. Ilibidi nimweleze, polepole, kwamba amelipia kitu kisichouzwa, na kwamba alichokipata hakikuwa hicho. Tulimwandikia barua, tukaongozana naye hadi Uhamiaji barabara ya Jinja. Mambo yalinyooka, lakini siku alizopitiliza zilihesabiwa moja moja, na faini yake haikuwa ndogo.

Maombi yenyewe si magumu. Huanzia mtandaoni, kwenye tovuti ya Uhamiaji. Andaa nakala ya pasipoti, picha, barua ya udahili, vyeti vyako, na barua ya chuo inayokuombea pasi. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huisahau, na ndiyo inayotolewa na ofisi kama yangu. Kabla ya yote hakikisha chuo kinatambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Chuo kisichotambuliwa hakiwezi kukusaidia Uhamiaji, hata mabango yake yawe makubwa vipi.

Kinachochelewesha watu zaidi ni vyeti. Uganda mtoto husoma miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, kisha miwili ya juu kabla ya chuo kikuu. Mtanzania wa kidato cha sita anaingia kwenye mpangilio huo bila shida kubwa. Mkenya aliyemaliza kidato cha nne hana miaka ile miwili, kwa hiyo aulize mapema iwapo kozi anayoitaka itamtaka apitie kwanza cheti cha elimu ya juu, ule mwaka wa kuvukia. Vyovyote iwavyo, matokeo ya sekondari ya nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, lenye ofisi Ntinda, Kampala. Njoo na cheti halisi. Ukiwa Mkongo au Mrundi na vyeti vyako ni vya Kifaransa, vitafsiriwe rasmi kabla hujapanda basi.

Kuhusu hati ya safari: tangu 2014 Wakenya na Wanyarwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mpango huo, kwa hiyo Mtanzania aje na pasipoti. Nawaona wanaokuja na ile hati ya dharura ya karatasi kwa sababu hupatikana haraka. Inakuvusha, lakini wewe unakuja kwa miaka mitatu au minne, nayo inaisha mapema mno. Anayetoka Dar kwa kupitia Namanga na Nairobi akumbuke kwamba anavuka mipaka miwili. Asilale usingizi basi likisimama Busia akakosa muhuri wa Uganda. Imetokea.

Wanaotoka nje ya Jumuiya wana njia yao: viza, kwa anayeihitaji, huombwa mtandaoni kabla ya safari, cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwepo, na pasi wao huilipia. Wasije na ile viza ya kitalii ya pamoja ya Uganda, Kenya na Rwanda. Ni ya siku 90 na ya kutembea tu. Mkimbizi aliyesajiliwa yuko chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006. Aje na kitambulisho chake cha ukimbizi tuzungumze.

Pasi ya mwanafunzi haikuruhusu kuajiriwa. Najua maisha ya Kansanga, hapa Kampala, yana gharama, na najua simu za "kazi ndogo ya jioni" huja. Kazi ina kibali chake.

Jambo la mwisho ambalo hunijia kila Januari: pasi imeandikwa jina la chuo. Ukihama chuo kutoka Kampala kwenda Mbale au Mukono, ile ya zamani haihami nawe. Pita kwetu kwanza uage, uchukue barua, halafu chuo kipya kikuombee nyingine.