Povu la kuhami joto kwenye nyumba ya zege

Povu la kuhami joto ni plastiki iliyoumuliwa kwa gesi mpaka ikajaa vishimo vidogo vilivyozibwa. Boksi jeupe linalobebea minofu ya sangara kutoka viwanda vya Mwanza ni povu hilohilo. Kinacholinda barafu humo si plastiki, ni hewa iliyofungiwa, karibu asilimia 98 ya ujazo wake. Hewa isiyotembea hupitisha joto kwa shida sana. Kwa hiyo bodi ya sentimita 5 huzuia joto sawa na zege la unene wa takriban mita 2.

Aina mbili ndizo zinazomhusu mjenzi zaidi. EPS (polistireni iliyoumuliwa) ni nyeupe, na ukiivunja unaona punje. XPS (polistireni iliyokamuliwa kwa mashine) aghalabu ina rangi, haina punje, na maji karibu hayaingii ndani yake, kwa hiyo ndiyo ya mahali penye unyevu. Ukiuziwa EPS ya kilo 20 kwa mita ya ujazo, ipeleke kwenye mizani: bodi ya mita 1 kwa mita 1, unene sentimita 5, iwe na kilo 1. Ikiwa na nusu kilo, hiyo ni ya kufungashia vyombo na itabonyea ikikanyagwa.

Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua la mchana linapiga paa kuliko kuta, kwa hiyo kama fedha ni chache, anza na slabu ya paa, yaani zege bapa linalofunika nyumba. Na povu likae juu ya zege. Likiwekwa chini yake, zege litashinda linachomwa na jua, litatanuka na kusinyaa kila siku, mwishowe lipasuke na kuvuja.

Kwanza slabu ipewe mteremko wa sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita, kisha izibwe isipitishe maji, na ijaribiwe kwa kusimamisha maji juu yake siku nzima. Hapo ndipo XPS ya sentimita 5 inapangwa, maungio yakipishana kama ya tofali na bila pengo, maana joto hupenya palepale palipoachwa wazi. Juu yake tandika kitambaa cha kuchujia, halafu kokoto au vigae vizito vya zege. Usiliache povu bila uzito: ni jepesi, upepo wa ziwani utaling'oa na maji ya mvua yataliinua.

Makosa yanayoliua povu ni ya kawaida mno. Gundi au lami iliyochanganywa na petroli au tina huliyeyusha papo hapo. Tumia ya maji. Jua huligeuza manjano na kulifanya unga, hivyo lihifadhiwe kivulini. Lipu ikipigwa moja kwa moja juu yake bila wavu hupasuka. Mchwa hawalili, ila hulitoboa na kujifichia njia hadi kwenye mbao, kwa hiyo lisishuke ardhini bila kizuizi.

Moto ndio wa kuogopwa zaidi: EPS hulainika karibu nyuzi 100 na ikiwaka hutoa moshi mzito mweusi. Chumbani lisiachwe wazi hata kidogo. Lifunikwe kwa lipu au bodi ya jasi. Nyaya za umeme nazo zipite ndani ya bomba, kwa sababu ganda la waya, ambalo ni plastiki ya PVC, likigusana na povu kwa muda mrefu hukakamaa na kupasuka.