Moyo Uliotanuka Si Moyo Wenye Nguvu

Malalamiko yanayotufikia kliniki ya moyo siku hizi yanafanana. Mgonjwa ameandikiwa dawa za kupunguza maji mwilini, kisha anahoji kwa nini tunamkausha ilhali majibu ya eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, yanasema moyo wake ni mkubwa. Mkubwa, kwa hesabu yake, maana yake una nguvu. Hauna. Wengine huacha dawa kimyakimya, tukakutana nao wodini.

Dhana hiyo ina chembe ya ukweli. Msuli wa moyo ukivutwa kabla ya kujikunja, hujikunja kwa nguvu zaidi. Mtafiti Otto Frank alilionyesha hilo kwa moyo wa chura mwaka 1895, na mtafiti mwingine, Ernest Starling, na wenzake wakalifuatilia kwa mbwa mwaka 1914. Mtu aliyelala chali akiinuliwa miguu, damu hurudi moyoni kwa wingi, chumba cha moyo hujaa, nyuzi za msuli hunyooka na kuitikia zaidi kalsiamu ileile iliyomo, na pigo linalofuata husukuma damu zaidi bila kungoja amri ya ubongo. Kwa mtu mzima mwenye afya, chumba cha kushoto hujaa takriban mililita 120 na kutoa kama 70.

Ila mvuto una kikomo. Kwenye moyo ulioshindwa kazi, nyuzi zimekwisha kuvutwa. Ukiongeza maji, pigo haliongezeki kitu cha maana. Kinachoongezeka ni presha inayorudi mapafuni, maji yanavujia humo, na mgonjwa halali bila kupangiwa mito. Dawa huondoa mzigo ambao moyo hauwezi kuutumia.

Sasa mizani, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Jipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula au kunywa, kwa nguo nyepesi, mizani ileile, juu ya sakafu ngumu, si zulia. Andika papo hapo. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, piga simu siku hiyohiyo, usingoje miadi. Hujanenepa, hayo ni maji. Anayekuja bila daftari anatuachia kubahatisha dozi.

Wala usijipangie dozi. Maji yakipungua kupita kiasi, chumba hakijai, presha hushuka na figo huumia. Ukisikia kizunguzungu unaposimama, tupigie kabla hujaacha kidonge chochote.