Milima na Fukwe za Kigoma: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Nimekulia Ujiji, hapa Kigoma, na nyumbani kwetu wageni hawakukauka. Binamu kutoka Dar es Salaam, rafiki wa shangazi kutoka Tabora, walimu wapya waliopangiwa shule za huku. Karibu wote walifika na jambo walilosikia njiani, na karibu kila jambo lilikuwa na kasoro. Mengine hayana madhara. Mengine yanaweza kumpotezea mtu uhai, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

“Kigoma ni mwisho wa reli, hakuna cha kutembelea zaidi ya dagaa”

Jina la mwisho wa reli tunalitumia wenyewe, tena kwa fahari. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914 na kweli inaishia ukingoni mwa maji ya Ziwa Tanganyika. Lakini panapoishia reli ndipo safari yenyewe inapoanza. Kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji iko Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Kusini, zaidi ya kilomita 120 kwa njia ya maji, imesimama Milima ya Mahale, hifadhi ya kilomita za mraba 1,613 isiyo na barabara ndani yake. Humo unatembea kwa miguu yako. Katikati ya hizo mbili kuna fukwe za mchanga zilizokaa baina ya majabali, kuanzia zile za karibu na Katonga ambako watu wa mjini huenda Jumapili.

“Ziwa Tanganyika halina chini”

Hili nililisikia kwa wavuvi kabla sijajua kusoma, na sidhani kama walikuwa wajinga. Walifunga jiwe kwenye kamba, wakaunganisha kamba na kamba, na jiwe halikugusa kitu. Nani asingesema hivyo?

Chini lipo, ila liko mbali: mita 1,470 mahali penye kina kikubwa kuliko pote. Duniani ni ziwa Baikal la Urusi peke yake lililolizidi. Sasa fanya hesabu ndogo. Uso wa ziwa letu uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukiondoa kina hicho, sakafu ya ziwa inakuwa karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Yaani mvuvi wa Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma, aliye zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Bahari ya Hindi, anatupa wavu juu ya shimo ambalo chini yake ni chini kuliko bahari yenyewe.

Sababu ni Bonde la Ufa, mkono wake wa magharibi. Ardhi imekuwa ikivutwa pande mbili kwa mamilioni ya miaka. Katikati pamedidimia, kingo zimeinuka. Palipodidimia ndipo ziwa lilipo, na palipoinuka ndipo milima ilipo. Kwa hiyo mlima na ziwa hapa ni mapacha, na ukitaka kumjua mmoja lazima umtazame mwenzake.

Hapo linaanguka na lile neno jingine, kwamba milima ya Kigoma ni vilima tu kwa kuwa haina theluji. Kilele cha Nkungwe, kule Mahale, kina mita 2,462. Ukianza kupanda kutoka mchangani unapanda karibu mita 1,700, na unapita misitu ya bondeni, miombo, mianzi, hadi nyasi za juu penye baridi. Na kama maji yangekauka, kutoka sakafu ya ziwa hadi kilele hicho ni zaidi ya kilomita tatu za mwinuko. Anayeupima mlima huo kwa Kilimanjaro anaukosea heshima, maana nusu yake imefunikwa na maji.

Kwa anayekuja kuogelea, hesabu hiyo ina maana ya papo hapo. Mteremko wa mlima haukomi ufukweni. Unaendelea chini ya maji vilevile ulivyokuwa juu. Kuna fukwe ambazo ukipiga hatua chache umefika kifuani, na chache nyingine huna pa kukanyaga. Usimwachie mtoto maji ya Kigoma kwa kuwa ulimzoesha maji ya Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, ambako unaweza kutembea mbali bado upo magotini.

“Ziwa si bahari, halina mawimbi”

Aliyesema hivi hakuwahi kukaa kwenye boti mchana wa Julai. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 na zaidi, jembamba, limebanwa na milima huku na huku. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unapata njia ndefu isiyo na kizuizi, unasukuma maji kama mtu anayepuliza ndani ya mfereji. Asubuhi maji yanaweza kuwa kama kioo, na mchana yakawa yanarusha boti.

Kwa hiyo unapopanga safari ya Gombe, muulize nahodha saa ya kuondoka kabla hujamuuliza nauli. Boti za abiria kutoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini hujaza watu, mafuta, simenti na mikungu ya ndizi kwa pamoja. Ukiona imejazwa mpaka maji yanakaribia ukingo, shuka. Usione haya mbele ya abiria wenzako. Dai jaketi la kuokolea na ulivae, usilikalie kama mto. Mjomba wangu aliyevua miaka zaidi ya thelathini alikuwa na kauli moja kwa vijana waliomcheka kwa kurudi mapema: “Mwanangu, ziwa halina haraka. Wewe ndiye mwenye haraka.”

“Maji maangavu hivi hayawezi kuwa na kichocho”

Tafadhali hili lisome polepole. Ni kweli maji yetu ni maangavu kiasi cha kuhesabu mawe chini ukiwa umekaa kwenye mtumbwi. Lakini kichocho hakitokani na tope. Kinatokana na konokono wadogo wa maji yasiyo na chumvi, ambao hukaa penye kina kifupi, maji yaliyotulia, majani na matete. Vijidudu hutoka kwa konokono, huogelea, na hupenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi kitu. Wakishakomaa mwilini, mayai hutoka kwa mkojo au choo, na yakirudi ziwani mzunguko unaanza upya.

Ndiyo maana mahali ni muhimu kuliko rangi ya maji. Ghuba iliyotulia kando ya kijiji, mahali ambapo akina mama wanafulia na watoto wanacheza, panapoingia kijito chenye majani: hapo hatari ni kubwa. Ufukwe wa mawe na mchanga unaopigwa na mawimbi, mbali na makazi, hatari ni ndogo zaidi, ingawa si sifuri. Watu hutegemea sana kujifuta haraka kwa taulo, lakini si kinga ya kuaminika. Ukishaoga kwenye maji unayoyatilia shaka, nenda kapime baada ya wiki sita hadi nane, kwa kuwa ukipima kesho yake hakitaonekana. Dawa yake ipo, prazikwanteli, na inafanya kazi vizuri. Kinachoumiza ni kukaa nacho miaka bila kujua.

Na mamba? Wapo, viboko pia, hasa kwenye midomo ya mito na matete. Mtu wa kuuliza ni mwenyeji wa ufukwe huohuo, siku hiyohiyo.

“Sokwe ni nyani wakubwa, na wa Gombe wamefugwa”

Tuanze na majina, maana Kiswahili chetu hakina umaskini hapa. Nyani ndiye yule mwenye mkia na pua ndefu kama ya mbwa, anayetembea ufukweni Gombe kwa makundi na ambaye atakunyang’anya mfuko wa ndizi usipouangalia. Tumbili ni tumbili, mbega ni mbega. Sokwe hana mkia, na kwa undugu yuko karibu na mimi na wewe kuliko alivyo karibu na nyani.

Kuhusu kufugwa, naelewa dhana hiyo ilikotoka. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025, alifika Gombe Julai 1960, na miaka ile ya mwanzo sokwe walipewa ndizi kambini ili wasogee na kuonekana. Ndizi zilileta ugomvi baina ya wanyama, na baadaye utaratibu huo ulipunguzwa hadi ukaachwa. Mahale nako Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza utafiti mwaka 1965, kabla ya kuwapo hifadhi yoyote. Hifadhi ilitangazwa 1985. Sokwe unaowaona leo wamezoea tu kuwa mtu akiwa jirani hawadhuru. Wanajitafutia chakula, wanalala kila usiku kwenye kiota kipya, wanawinda mbega wekundu na kuwala, na makundi yao hupigania mipaka. Dume aliyekasirika huburuta tawi na kupita karibu nawe kwa kasi. Muongoza njia akikwambia simama, simama.

Na barakoa wanayovaa wageni mbele ya sokwe? Wengi hudhani ni ya kumkinga mgeni na harufu au ugonjwa wa msituni. Ni kinyume chake. Kwa kuwa tuna undugu wa karibu, magonjwa yetu yanawaingia, na mafua yanayokupa wewe siku tatu za kupiga chafya yanaweza kuua familia nzima ya sokwe. Mwaka 1966 polio iliwapata sokwe wa Gombe; wengine walikufa, wengine walibaki na mikono au miguu iliyopooza. Basi ukiwa na kikohozi siku ya kupanda mlima, sema. Najua umetumia fedha, umesafiri siku mbili kwenye treni, na inauma. Lakini baki kambini. Ukiwafikia sokwe wa Mahale, kaa mita 10 mbali nao, na saa moja ikiisha ondoka.

Niongeze neno kuhusu msemo kwamba Mahale ni “msitu ambao haujawahi kukaliwa na mtu”. Watongwe walikaa kwenye milima hiyo, walilima humo, na Nkungwe kwao ni mlima wenye heshima ya kimila. Wanaozijua njia za humo bila ramani ni wao na watoto wao. Kuifuta historia hiyo ili msitu uonekane bikira machoni pa wageni ni jambo linalonikera kweli.

“Livingstone ndiye aliyeligundua Ziwa Tanganyika”

Wageni wakifika kwenye mnara wa Ujiji, ukumbusho wa pale Livingstone alipokutana na Stanley, huuliza mambo mawili. La kwanza ni hilo la kugundua. Burton na Speke ndio Wazungu wa kwanza kufika, Februari 1858, na walifika kwa kufuata njia ya misafara iliyokuwa tayari inapita Tabora, wakakuta Ujiji ni soko lenye wafanyabiashara wa kutoka pwani na watu wa pande zote za ziwa. Hakuna aliyekuwa amepotewa na ziwa. Livingstone, mmisionari wa Uskoti, alikutana na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, pale Ujiji mwaka 1871, kisha wawili hao wakaenda kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini na kukuta Mto Rusizi unaingiza maji ziwani, hautoi. Tumaini kwamba Nile inatoka Tanganyika likapata pigo siku hiyo. Maji yetu hutokea magharibi kwa Mto Lukuga, yakaingia Kongo, yakaishia Atlantiki.

Swali la pili wanauliza kwa mashaka: kama walikutana ufukweni, mbona ziwa liko mbali na mnara? Hapo wanafikiri mnara umewekwa mahali pasipo pake. Ukweli ni kwamba miaka ile maji yalikuwa juu zaidi, mdomo wa Lukuga ukiwa umezibwa. Mwaka 1878 hivi maji yalilivunja zuio hilo, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita kama kumi. Ufukwe ukasogea, mji ukabaki nyuma. Nilipokuwa mtoto nilicheza mpira kwenye ardhi ambayo bibi wa bibi yangu angeifahamu kama maji.

“Njoo kiangazi tu, masika hakuna kitu”

Kiangazi kina faida zake: njia ni kavu, na Mahale kati ya Agosti na Oktoba sokwe hushuka miteremko ya chini, hivyo hupandi sana. Ila moshi wa kuchoma mashamba huziba upeo. Mvua ikishanyesha, hewa huoshwa, na asubuhi ukisimama Bangwe, ukingoni mwa ziwa hapa Kigoma, unaiona milima ya Kongo ng’ambo, mmoja mmoja, kama iko mtaa wa pili. Na msiseme kutembelea hifadhi ni starehe ya Wazungu. Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo sana kuliko cha mgeni wa nje.

“Huku hakuna mapango”

Yapo, ila wengi wanayatafuta nchi kavu. Nenda kwenye ufukwe wa mawe wakati wa asubuhi, vaa miwani ya kuogelea, lala juu ya maji na utazame chini. Majabali yaliyoporomoka kutoka mlimani yamepandana, na baina yake kuna vyumba, milango na vichochoro. Humo wanaishi samaki wadogo wa jamii ya sato, zaidi ya spishi 200 katika ziwa zima, karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani: wa manjano, wa milia ya buluu, wengine wanaokaa ndani ya magamba matupu ya konokono. Wengi hulea watoto mdomoni. Ukitulia bila kupiga maji miguu, utamwona mama ametoa vifaranga vyake kama wingu la vumbi mbele yake. Sogeza mkono kidogo tu, naye atafungua mdomo, na wote wataingia ndani.